Anoreksia na kusahau masomo

Mwalimu_Chumbageni: Binti wa kidato cha tatu hapa Tanga anajinyima kula, anaogopa kunenepa. Ukurasa mmoja anausoma mara tatu, haushiki. Ni uvivu?

Nesi_Ngamiani: Uvivu hapana, mwalimu. Huenda ni anoreksia, ugonjwa wa akili wa kujinyima kula kwa hofu ya kunenepa. Ubongo hutumia takriban asilimia 20 ya nishati ya mwili. Chakula kikikosekana, umakini na kumbukumbu hulegea. Fikra nazo hukakamaa: kalori za kipande cha muhogo atazihesabu, lakini ratiba ikibadilika ghafla anavurugika. Marekani, 1944–45, wanaume 36 wenye afya walipunguziwa chakula kwa majaribio. Wakawa wanawaza kula tu.

Daktari_Raskazoni: Ila msimshindilie wali wa nazi! Aliyekonda sana akilishwa ghafla, madini ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu hushuka kwenye damu, moyo ukayumba. Apelekwe hospitali ya Bombo, apimwe damu na moyo, apewe thiamini (vitamini B1) kabla ya kuongezewa chakula kidogo kidogo. Akizimia, au mapigo yakiwa chini ya 50 kwa dakika, ni leo leo.

Mwalimu_Chumbageni: Na akili itarudi?

Nesi_Ngamiani: Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Ubongo uliosinyaa kwa njaa hujaa uzito ukirudi, ingawa huchukua miezi. Mtihani usubiri.