Kuiongezea nguvu injini ya Farmall M ya mwaka 1949 kwa mashindano ya kuvuta sleji

Mwana wa Kigoma, Iowa

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote, na kwa wakubwa zangu shikamooni. Ninaishi jimbo la Iowa, Marekani, ambako majira ya kiangazi maonyesho ya kilimo huambatana na mashindano ya matrekta ya kale. Kwa wasioyafahamu, trekta hufungwa sleji, yaani chombo kizito cha kuburutwa, ambayo juu yake kuna sanduku la vyuma, na kadiri magurudumu ya sleji yanavyozunguka ndivyo sanduku hilo linavyosogezwa mbele, hata mzigo ukazidi hatua kwa hatua mpaka trekta lishindwe kuendelea. Katika viwanja vingi anayefikisha futi 300 huhesabiwa kuwa amemaliza njia.

Nimenunua trekta la Farmall M la mwaka 1949 lenye injini yake ya asili, C-248, ya silinda nne, kipenyo inchi 3 7/8 na mwendo wa pistoni inchi 5 1/4. Kiwandani ilipangiwa mizunguko 1,450 kwa dakika. Bado ina hedi (kifuniko cha juu cha silinda) na manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa na kutolea moshi) za kutumia distileti, yale mafuta ya bei nafuu yanayokaribiana na mafuta ya taa, ingawa mwenye nalo wa awali alikuwa akilitilia petroli kwa miaka mingi. Jirani yangu ananishauri nirekebishe gavana, kifaa kinachodhibiti mizunguko, ili injini ifike mizunguko 2,200, kwa madai kwamba ushindi unatoka hapo. Mimi nilikuwa nafikiria pistoni za inchi 4. Fedha nilizonazo haziwezi kufanya yote kwa pamoja, na ningependa trekta liendelee kuwaka kila mwaka. Nianzie wapi?

Mvutaji wa Ohio

Ndugu yangu, kabla hujanunua hata ringi moja, chukua kanuni za klabu utakayoshindana nayo uzisome hadi ukurasa wa mwisho. Neno "la kale" halina maana moja kila mahali: klabu moja inaruhusu pistoni kubwa lakini inakataza kuzidisha mizunguko, nyingine inataka gavana ifanye kazi kama ilivyotoka kiwandani, na nyingine inapanga madaraja kwa mwendo wa trekta uwanjani pamoja na uzito. Wapo waliotengeneza injini kwa gharama kubwa, kisha wakajikuta wamewekwa daraja moja na matrekta yaliyobadilishwa karibu kila kitu.

Kuhusu gavana, kwa heshima zote kwa jirani yako, sikubaliani naye. Pistoni ya M inasafiri karibu milimita 133 kila inapopanda na kila inaposhuka. Kwa mizunguko 1,450 mwendo wake wa wastani ni kama mita 6.4 kwa sekunde, na kwa mizunguko 2,200 unafika mita 9.8. Tatizo ni kwamba nguvu inayoivuta konrodi, fimbo inayoiunganisha pistoni na shafti kuu ya injini, pale pistoni inapogeuka kule juu huongezeka kwa mraba wa mizunguko, kwa hiyo utakuwa umeongeza mizunguko kwa takriban nusu, ilhali mzigo wa konrodi umekuwa mara 2.3 ya ule wa kiwandani. Shafti hiyo, yaani krenki, katika injini hii ya petroli inashikwa na beringi kuu tatu tu, tofauti na M ya dizeli yenye tano, na katika mizunguko mikubwa huanza kupinda kati ya beringi na beringi. Ninachokihofia zaidi ni flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Ni ya chuma cha kusubu, imezeeka, na nguvu inayotaka kuipasua inaongezeka kwa kanuni ileile ya mraba. Ikipasuka, vipande vinatawanyika pale pale penye miguu ya dereva. Anayetaka mizunguko hiyo anapaswa kwanza kuwa na flaiwili ya feleji au ya chuma cha kufuliwa na kinga madhubuti ya kuizunguka, na hapo ameshatumia fedha ambazo wewe umesema huna.

Faida yako iko kwenye hedi na manifoldi. Distileti haigeuki mvuke kwa urahisi, ndiyo maana manifoldi yake iliundwa ipashwe moto na ekzosi, na hewa iliyopashwa moto hutanuka, silinda ikajaa kidogo kuliko inavyoweza. Hedi yake nayo ina mgandamizo mdogo kwa makusudi. Ukifunga hedi na manifoldi za petroli, ambazo kwa Farmall M bado zinapatikana, utaongeza nguvu bila kuongeza mzunguko hata mmoja. Baada ya hapo ndipo pistoni za inchi 4 zinapoingia. Zitakutoa inchi za ujazo 248 hadi 264, ujazo uleule ambao kiwanda chenyewe kiliutumia kwenye trekta lililoifuata M, Super M, kuanzia 1952, nyongeza ya kama asilimia 6.5. Zichague zile zitakazokupa mgandamizo wa karibu 7 kwa 1, ambao petroli ya kawaida inauvumilia.

Fundi wa Mbeya

Nakubaliana na ndugu wa Ohio, nami naongeza la karakana. Sijawahi kufungua Farmall, kazi yangu kubwa ni Massey Ferguson, lakini injini yenye zaidi ya miaka 70 haitofautiani sana popote ilipo. Usiongeze nguvu juu ya injini ambayo hujaipima. Fungua, osha, kisha peleka krenki, konrodi na hedi zikakaguliwe nyufa kwa poda ya sumaku, maana ufa mwembamba kama unywele hauonekani kwa macho na ndio unaokuja kukata konrodi siku ya mzigo. Pima jonali za krenki, zile sehemu zinazozunguka ndani ya beringi, kwa maikromita sehemu mbalimbali, kwani huwa zimelika zikawa na umbo la yai.

Usiisahau magneto, kile kifaa kinachozalisha umeme wa cheche. Koili iliyochoka inaweza kuwasha injini vizuri ikiwa tupu, halafu ikakosa cheche mgandamizo unapopanda chini ya mzigo, na mtu akaanza kulaumu kabureta. Ukishapandisha mgandamizo, kagua upya taimingi, yaani wakati cheche inapotoka, kwa sababu cheche ile iliyofaa zamani sasa huenda ikawa inawahi mno. Ukisikia mlio mkali wa kugongagonga kama wa kokoto, punguza moto mara moja, kisha chungulia plagi: vitone vidogo vya kumetameta kwenye kauri yake ni pistoni inayoanza kuliwa.

Mwana wa Kigoma, Iowa

Ahsanteni sana, wakubwa zangu. Gavana nitaiacha kama ilivyo na nitatafuta hedi na manifoldi za petroli. Swali moja limebaki: je, nguvu hiyo itatosha, au nitaishia kuzungusha magurudumu mahali pamoja?

Mvutaji wa Ohio

Hilo ndilo linaloamua mashindano mengi ya daraja lako, kwa sababu M iliyo nzima katika gia ya kwanza inaweza kuyateleza matairi yake kabla injini haijachoka. Pima ndoano ya nyuma iwe juu kabisa ya kikomo cha kanuni, ambacho kwa klabu nyingi ni inchi 20 kutoka ardhini, kwani kadiri ndoano inavyokaa juu ndivyo mvuto wa sleji unavyohamishia uzito kutoka magurudumu ya mbele kwenda ya nyuma. Vyuma vyako vya uzito vifunge mbele, uvipunguze au uvisogeze mpaka magurudumu ya mbele yawe yanagusa udongo kwa shida trekta linapovuta kwa nguvu zote. Yakiinuka juu sana utalazimika kupunguza moto na safari imekwisha. Yakikandamiza ardhi, uzito huo hausaidii matairi. Upepo wa matairi ya nyuma punguza kidogo kidogo, ukiangalia ukuta wa tairi usikunjike.

Na funga vyuma vya kuzuia trekta lisipinduke kinyumenyume, pamoja na swichi ya kuzima injini yenye kamba inayofungwa kwenye sleji, hata kama klabu yako haikulazimishi.