Huyu jamaa asishike tena faili za mtu! Kafuta mistari YOTE

Mshororo wa Tatu (mleta uzi):
Wakuu, nina hasira mpaka mikono inatetemeka. Yule jamaa yetu mnamjua, yule wa "nipe dakika mbili tu". Nimempa faili za tenzi za babu, zilichapwa kwenye Mac ya kizamani, mfumo wa 9. Kazi yenyewe ndogo: zisomeke kwenye Linux. Kanirudishia utenzi mzima MSTARI MMOJA. Mmoja! Ukianza kuusoma Tanga, unaumaliza Kigoma.

Sasa sikieni alichofanya. Mwisho wa mstari kwenye faili ni herufi isiyoonekana, kompyuta inaijua kwa namba. Mac za enzi zile zilimaliza mstari kwa herufi namba 13 peke yake. Windows inaweka 13 na 10. Linux ni 10 tu. Yeye kaona 13, kadhani ni za Windows, AKAZIFUTA ZOTE. Faili la Windows ukifuta 13, 10 zinabaki. La Mac habaki mtu! Ilitakiwa 13 igeuzwe iwe 10, amri moja ya tr (ya Linux, inageuza herufi moja kuwa nyingine), kazi imekwisha. Tena kahifadhi juu ya faili zile zile. Halafu ananiambia: "Nimekusafishia." AMENISAFISHIA!

Chuma Chakavu:
Pole mkuu. Bekapu iko wapi?

Mshororo wa Tatu:
Bekapu ndiyo iliyofuta? Aulizwe yeye! Mtu anafuta mishororo ya marehemu, anakaa anasubiri asante. "Nimekusafishia"!

Binti Kodi:
"Habaki mtu" 😂😂 Punguza jazba bwana. Utenzi ni mizani 8 kila mshororo, mishororo minne kila ubeti. Hesabu, ukate.

Mshororo wa Tatu:
Dada, humo mna mashairi ya mizani 16, na maelezo ya babu ya nathari katikati. Nathari nayo niihesabu mizani? Neno la mwisho limegandana na la kwanza la mstari unaofuata, kila mahali!

Mzee wa Flashi:
Kama ni huyo ninayemfikiria, mimi alinitolea zipu kwenye seva ya Linux kwa FTP (njia ya kuhamisha faili), akaacha hali ya maandishi, ile inayobadilisha miisho ya mistari. Kila 10 ikawa 13 na 10. Zipu haifunguki mpaka leo.

Jua Kali:
Mnamwonea. Mkosaji ni Notepad, ile programu ya maandishi ya Windows. Mpaka 2018 ilikuwa haitambui 10 peke yake kuwa ni mwisho wa mstari. Miaka yote hiyo!

Chuma Chakavu:
Notepad afadhali. Excel imekula sifuri za mbele kwenye namba za simu za wateja wangu wote.

Binti Kodi:
Sifuri tu? Mimi niliandika 3-4 ikaniwekea tarehe!!

Mshororo wa Tatu:
Wakuu, uzi ni wa faili za babu...

Mzee wa Flashi:
Binti Kodi, safu iweke iwe ya maandishi KABLA hujaandika. Na hizo tarehe, nani kasema mwezi utangulie siku? Wamarekani hawa wametutesa.

Jua Kali:
Hapo kwenye tarehe mzee umenigusa. Ngoja niwape yangu.