Kimbunga Hidaya: majirani wanataka kuhamia ninapokaa usiku huu, naombeni ushauri wa haraka

Ubani_Mkavu (mleta mada), Ijumaa 3 Mei 2024, saa 12:40 jioni

Habari za jioni wanajukwaa. Niko Kunduchi, upande wa juu kidogo, siyo kule dikoni. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa mmezisikia: Kimbunga Hidaya kinakuja, na Dar imo kwenye mikoa iliyotajwa pamoja na Mtwara, Lindi, Pwani, Tanga, Morogoro na visiwani.

Mtaa wetu umejipanga, lazima niseme. Kikundi chetu cha kuzikana tangu jana kimekuwa kikundi cha kimbunga. Vijana wa bodaboda wanapandisha wazee na watoto kutoka pwani bila nauli. Mama lishe wametoa masufuria. Mwenye duka ametoa unga na sukari, kasema tutahesabiana tukiwa hai. Wavuvi wameburuta ngalawa mpaka karibu na barabara, nyavu na mashine za boti wamezihifadhi msikitini. Madrasa imeshajaa.

Sasa kamati inatafuta nyumba zenye ukuta imara, na nyumba ya ghorofa mtaani kwetu ni moja tu, hii ninayokaa mimi. Wanataka familia za pwani zilale hapa mpaka hali itulie. Moyo unataka, ila kuna kitu kinanikaba. Nifanyeje? Bila matusi tafadhali.

Kibandaumiza

Wa kwanza leo. Dada, lala. Mwaka 2021 tuliambiwa kimbunga Jobo anakuja Dar. Mke wangu alijaza maji kila chombo, mpaka chupa za chai. Nikanunua mishumaa utadhani nafungua kanisa. Jumapili imefika, jua kali, watu wanafua. Ile mishumaa ninayo mpaka leo, anayetaka aje PM, ujumbe wa faragha.

Nahodha_Mstaafu

Kibandaumiza acha mzaha. Jobo alikufa baharini kabla ya kutufikia, hilo lisiwape watu kiburi. Vimbunga huku kwetu ni nadra kwa sababu tuko karibu na ikweta, ile nguvu ya mzunguko wa dunia inayokizungusha kimbunga ni dhaifu huku. Nadra haina maana kwamba haiwezekani. Unguja ilipigwa Aprili 1872, mikarafuu ikalala chini. Lindi ilipigwa Aprili 1952, marehemu baba aliyaona kwa macho yake na mpaka anazeeka upepo ukivuma usiku alikuwa halali. Kenneth wa 2019 alikuwa anaitazama Mtwara, akaingilia Cabo Delgado, Msumbiji. Kilomita chache tu juu ya ramani, ingekuwa sisi.

Kwa watu wa Kunduchi nawaambia hivi: leo ni mwezi 24 wa Kiislamu, maji ni mafu, yaani bahari haijai sana, bamvua, yale maji makubwa, ni wiki ijayo. Hiyo ni nafuu kubwa. Kimbunga kikiingia wakati wa bamvua maji kujaa, bahari inakufuata mpaka sebuleni. Lakini mvua haiangalii mwezi. Ardhi imeshashiba maji tangu masika yaanze, mmeona Rufiji na Kibiti mwezi uliopita. Mifereji itakuja na matope.

Mwanakwaya wa Zamani

Dada, hapo unauliza nini hasa? Wafungulie. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu siku hizi mna mageti marefu na mioyo mifupi. Zamani nyumba ya jirani ilikuwa yako.

MamaPacha

Nakazia, ila ngoja nikupe kisa. Mafuriko ya Desemba 2011 nilipokea ndugu wa mume kutoka Jangwani. Nilisema wiki moja. Serikali ikagawa viwanja Mabwepande, wakapata, wakaenda kukiona, wakarudi kwangu wakisema kule ni porini. Mwaka uliofuata tumefunga Ramadhani pamoja, nawapikia futari mimi, tambi zikipungua iliki mtu ananuna. Siyo kwamba usipokee. Pokea, ila siku ya kuondoka itajwe mbele ya mjumbe kabla mtu hajavua viatu.

Dogo_Tegeta

Iliki ni lazima kwenye tambi, nipo upande wa ndugu.

Wakili_wa_Mtaa

Mleta mada, nimesoma mara mbili. "Nyumba hii ninayokaa mimi." Hujaandika nyumba yangu, hujaandika nimepanga. Nyumba ni ya nani?

Ubani_Mkavu

Nawashukuru wote. Nahodha, hilo la maji mafu nimewasomea kamati, wazee wamekubali kabisa. Je, madirisha ya vioo tuyazibe kwa mbao au maboksi yanatosha?

Wakili_wa_Mtaa

Maboksi hayatoshi, laza watu vyumba vya ndani mbali na vioo. Swali langu bado lipo pale pale.

Ubani_Mkavu

Ni ya familia.

Wakili_wa_Mtaa

Familia haina hati ya kiwanja, mtu ndiye mwenye hati.

Ubani_Mkavu, saa 3:15 usiku

Sawa. Ni ya mama yangu mkubwa, yuko Muscat. Mimi ni mwangalizi, naishi chumba cha nyuma, namlipia umeme na kumpelekea picha za maua. Juu kuna vitu vyake: makochi ya nailoni bado hayajafunuliwa, kabati la vyombo, zulia. Ndiyo maana nasita. Lakini mama mkubwa ni mtu wa dini, najua angekubali.

MamaPacha

"Angekubali" au "amekubali"?

Ubani_Mkavu

Nilimtumia ujumbe saa kumi.

Kibandaumiza

Na yeye akasemaje, bibie? Tunakamua kama nazi kavu hapa.

Ubani_Mkavu

Alijibu kwa sauti. Dakika tatu. Nilisikiliza mwanzo.

Wakili_wa_Mtaa

Mwanzo anasemaje?

Ubani_Mkavu

Anasema "Usithubutu."

Ila jamani mnisikilize. Mtandao ulikuwa unakatika, inawezekana alikuwa anasema nisithubutu kutoka nje. Na hata kama ni hilo mnalofikiri, yeye yuko kwenye kiyoyozi, haoni mtoto mchanga amefunikwa turubai. Makochi yatanunuliwa mengine. Pia ukweli ni kwamba wameshaingia. Tangu magharibi. Nimewaweka chini, ngazi nimeifunga na meza. Mwenyekiti aliuliza kama mwenyewe ameridhia, nikamwambia amebariki.

Mwanakwaya wa Zamani

Umemsingizia mama mkubwa baraka! Ee Mola.

Nahodha_Mstaafu

Baharini chombo kikizama huulizi mwenye jahazi kama watu wapande. Unapandisha. Ugomvi ni bandarini.

Wakili_wa_Mtaa

Nahodha, hapa hakuna chombo kilichozama, kuna utabiri. Mwangalizi hana haki ya kukaribisha watu nyumba ambayo mwenyewe amekataa, kitu kikivunjika atadaiwa yeye na siyo kamati. Dada, fanya haya usiku huu: andika majina ya wakuu wa kaya wote na watie sahihi, mjumbe ashuhudie. Piga picha kila chumba kilivyo. Jiko la mkaa lisiingie ndani kabisa, moshi wake unaua watu wamelala. Maji yakianza kuingia zima umeme kwenye swichi kubwa. Namba ya Zimamoto ni 114. Halafu mpigie mama mkubwa umwambie ukweli kabla hajaambiwa na mwingine.

Kipanga_77

Samahani kuwakatisha. Mimi huwa natunza kumbukumbu. Hii ID ya Ubani_Mkavu mwezi wa pili ilianzisha uzi jukwaa la mahusiano: "Mwanaume miaka 34, mrefu wa wastani, natafuta mke anayejua kupika pweza." Leo ni mwangalizi wa ghorofa, anaitwa dada, hajakanusha. Hii ni chai, stori ya kutunga. Tena chai ya tangawizi.

Dogo_Tegeta

HAHAHA. Nilijua tu! Kunduchi mimi napita kila siku, ghorofa siyo moja, yapo kibao. Mods hamisheni uzi jukwaa la hadithi.

Ubani_Mkavu

Simu ni ya kaka yangu, mimi yangu ilidumbukia maji. Na nimesema mtaani kwetu, sikusema Kunduchi yote. Mtaa mwenyewe unaujua wewe?

Kibandaumiza

Kaka alipata mke?

Ubani_Mkavu

Bado.

Kipanga_77

Weka picha ya watu waliolala.

MamaPacha

Kipanga, apige picha wake za watu wamelala akurushie wewe? Una akili? Kama ni chai basi mimi nimeshaimeza, nimemtumia mchango kupitia namba ya kamati aliyonipa PM, na jina lililotokea ni la kikundi cha kuzikana. Waongo hawana kikundi cha kuzikana.

Kipanga_77

Matapeli wanacho, dada yangu. Wanakuzika wewe.

Mwanza_Jiwe, Jumamosi 4 Mei, asubuhi

Huko kimbunga, giza liko mpaka huku ziwani. Umeme umekatika nchi nzima tangu usiku. Mnaendeleaje Dar? Nasikia na boti za Zanzibar zimesimamishwa.

Kibandaumiza

Nimewasha mishumaa ya Jobo. Sifanyi biashara tena, msije PM.

Mtoto_wa_Kilindoni

Nipo Mafia. Upepo umeanza kuvuma vibaya, minazi inalala na kuinuka, bati la jirani limeondoka. Tumekusanyika kwa mzee mmoja mwenye nyumba ya tofali, hakuna aliyemuuliza mtu kitu. Nyie mnabishana nani mwanaume nani mwanamke. Chaji inaisha, tuombeeni.

Nahodha_Mstaafu

Mwanangu, kikitulia ghafla msitoke nje. Huenda ni jicho lake, upepo unarudi kutoka upande wa pili. Kaeni mpaka mtangaziwe.

Mwanakwaya wa Zamani

Mungu awafunike Mafia na Kilwa.

Wakili_wa_Mtaa

Mleta mada, uko wapi? Ulimpigia?

Ubani_Mkavu, saa 5:50 asubuhi

Nipo. Huku mvua na upepo, muembe umetupa tawi uani, watu wote wazima. Mama lishe wamepika uji barazani, nimekula bakuli mbili. Majina nimeandika yote, mjumbe ametia sahihi, asante Wakili. Bibi mmoja amekuja na kuku zake, nimeziweka bafuni. Usiku meza ya kwenye ngazi iliondolewa, watoto wamelala kwenye makochi. Nailoni sikutoa mimi.

Sikumpigia. Nilipanga leo jioni, upepo ukipungua. Sasa mwenyekiti kwa furaha yake ameweka picha kwenye kikundi cha WhatsApp, kaandika "Tunamshukuru mama yetu wa Muscat kwa moyo wake", na kumbe mama mkubwa yumo humo kwenye kikundi, aliungwa tangu msiba wa babu. Simu inaita hapa. Ni yeye.

MamaPacha

Pokea.

Kibandaumiza

Usipokee. Mwambie mtandao umeenda na kimbunga.

Wakili_wa_Mtaa

Pokea, na uanze kwa kumwambia ulisikia ujumbe wote.

Kipanga_77

Anapigaje na simu ni ya kaka?