Naomba ushauri: mpwa wangu amesimamishwa masomo siku 14 kwa kumkumbatia mwanafunzi mwenzake uwanjani

BabaWatatu
Habari za jioni, ndugu wanajukwaa. Ninaomba ushauri wenu kwa utulivu, kwa kuwa jambo hili limeninyima usingizi tangu Jumatatu. Mpwa wangu yuko kidato cha nne katika shule moja ya mchanganyiko ambayo sitaitaja. Jumamosi iliyopita shule yao ilicheza fainali ya UMISSETA (mashindano ya michezo ya shule za sekondari) ngazi ya kata, kwenye uwanja uliojaa matope kutokana na mvua ya asubuhi, ikashinda kwa mikwaju ya penalti, na katika shangwe ile mpwa wangu, ambaye ni msichana, akakumbatiana na kipa wa timu yao, mwanafunzi wa kiume, mbele ya walimu, wazazi na hata wauza maandazi. Jumatatu akakabidhiwa barua ya kusimamishwa masomo kwa siku 14, kwa kosa la kuvunja kanuni inayokataza wanafunzi wa kike na wa kiume kugusana. Mtihani wa utamilifu (mock) unaanza wiki ijayo. Je, shule ina mamlaka ya kumweka nyumbani mtahiniwa kwa kosa kama hili? Na je, itafaa tumhamishie shule nyingine mapema?

Mama Nuru
Pole, baba. Lakini tuambiane ukweli: sisi tuliolelewa Tanga hatukumkumbatia hata kaka wa kuzaliwa naye mbele za watu, ulimpa mkono, ukauliza hali, ukarudi nyuma. Siku hizi mtoto akifaulu hesabu anakumbatia, akipata soda anakumbatia. Shule imefanya kazi ambayo nyumbani hatuifanyi, kwa hiyo mshukuruni mkuu wa shule na mtumie siku hizo 14 kuzungumza na mtoto.

Kipa Mstaafu
Mimi nimeidakia shule yangu miaka miwili, na ninaweza kuwahakikishia kwamba baada ya penalti ya mwisho kipa hajui nani amemkumbatia. Mwaka niliomaliza nilirukiwa na mpishi wa shule, mama wa makamo, tukaanguka wote wawili golini na ndoo yake ya uji. Hakuna aliyemwandikia barua. Hivi kocha naye alikumbatiwa? Amepewa siku ngapi?

Wakili wa Kijiweni
Tuanze na swali lililoulizwa. Kanuni za mwaka 2002 zilizo chini ya Sheria ya Elimu zinaruhusu mwanafunzi kusimamishwa au kufukuzwa kwa makosa ya nidhamu na maadili, na fomu nyingi za kujiunga na shule huyataja yale yanayoweza kumfukuzisha mtu: wizi, uasherati, ulevi, kupigana, kugoma, kukataa adhabu. Kukumbatiana uwanjani si uasherati kwa tafsiri yoyote ninayoifahamu, lakini shule inaweza kuwa na kanuni yake ya ndani, na mzazi aliyetia saini fomu ameikubali. Malalamiko yapelekwe kwanza kwa mkuu wa shule kwa maandishi, kisha bodi, kisha ofisa elimu sekondari wa halmashauri. Kuhusu kuhama, sahau. Usajili wa watahiniwa hufungwa mapema katika mwaka wa mtihani, na namba ya mtihani ya mtoto wako imekwisha kubeba namba ya kituo cha shule ile. Mtihani wa Novemba ataufanyia hapo hapo.

Dada Tunu
Naomba kuuliza jambo dogo kabla hatujaendelea. Huyo mvulana amepewa adhabu gani?

BabaWatatu
Ahsante, Wakili. Suala la kuhama nilikuwa nimekwisha kuzungumza na shule moja ya binafsi, wakaniambia nafasi ipo nikilipa ada ya muhula mzima. Sidhani kama namba ya kituo itakuwa kikwazo kikubwa kiasi hicho. Dada Tunu, sioni kama adhabu ya mvulana inahusiana na swali langu.

Mwalimu Mstaafu
Nimefundisha miaka 31, sehemu kubwa nikiwa mwalimu wa nidhamu, kwa hiyo niwaeleze kanuni hizi zinatoka wapi. Hazitoki kwenye chuki ya mapenzi. Zinatoka kwenye hofu ya mimba. Tangu sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016, anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30, na mkuu wa shule anatakiwa kutoa taarifa ya kesi hizo kila robo mwaka. Mkuu anayeijaza taarifa ile anaona kila jozi ya wanafunzi waliosimama chini ya mwembe kama mstari utakaoongezeka katika fomu yake, na hapo ndipo anapoanza kupima umbali. Shule yetu ilipokaribisha shule ya wasichana kwa mdahalo, makamu mkuu wangu alikuwa akichukua ile rula ya mbao ya ubaoni, ya mita moja kamili, na kuipitisha katikati ya viti, kiti kwa kiti, bila kusema neno. Rula ikigusa mtu pande zote mbili, mmoja anahama. Tulicheka ofisini, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia aache.

Mwanakisauni
Huku kwetu Mombasa mambo ni yale yale, isipokuwa kiboko kimeondolewa na sheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inamkataza mwalimu kumpiga mwanafunzi au kumtesa kisaikolojia. Hata hivyo kanuni ya kutokaribiana ipo katika shule nyingi za mchanganyiko. Kaka yangu mdogo aliitiwa mzazi kwa kumshika msichana mkono wakivuka barabara ya Malindi. Baba alipofika akauliza kama shule ingependelea wagongwe na matatu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mjukuu wa Kasiga
Mwalimu Mstaafu, nikuulize basi. Tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani, jambo ambalo mimi naliunga mkono. Sasa aliyezaa anarudi, na aliyemkumbatia kipa anabaki nyumbani?

Dada Tunu
BabaWatatu, narudia swali langu kwa heshima. Mvulana amepewa adhabu gani, na kwa nini hutaki kusema?

BabaWatatu
Alichapwa viboko vinne na Jumatatu ile ile akarudi darasani. Nadhani sasa mnaona upendeleo ulivyo. Yeye ndiye kipa wa timu, na timu inakwenda ngazi ya wilaya Jumamosi ijayo; wanamhitaji. Binti yangu hana kazi kwenye timu, kwa hiyo akatupwa nje.

Mwalimu Mstaafu
Vinne ndio mwisho unaoruhusiwa na kanuni, na vinatakiwa viandikwe katika daftari la adhabu. Mwambie mzazi wa kijana alitazame daftari hilo.

Dada Tunu
Jana alikuwa mpwa wako. Leo amekuwa binti yako. Sikucheki, baba yangu. Wengi wetu huanza na mpwa. Ila ukweli ukija kwa vipande, ushauri nao utakuja kwa vipande. Taarifa ya mwalimu wa zamu inasemaje hasa?

BabaWatatu
Ni binti yangu wa kwanza. Niliandika mpwa kwa sababu mji wetu ni mdogo na baadhi yenu huenda mnanifahamu. Taarifa ya mwalimu wa zamu inasema kwamba binti alikimbia kutoka upande wa mashabiki, akavuka mstari na kumkumbatia mvulana, na kwamba mvulana hakuanza. Ndiyo sababu ya tofauti ya adhabu.

Sasa nimalizie, maana nimekwisha kuanza. Mimi ni mjumbe wa bodi ya shule ile. Mwaka 2022 mwanafunzi mmoja alipata mimba, kikao kikawa kirefu, na rasimu ya kanuni iliyoletwa na mkuu wa shule ilikuwa inakataza kukumbatiana "kwa namna isiyo ya heshima". Mimi ndiye niliyesema kwamba maneno hayo yana mwanya, kila mtoto ataleta sababu yake, na nikapendekeza iandikwe "bila kujali sababu". Wajumbe wakapiga makofi. Leo nimeisoma kanuni ile mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na haina mlango ila mmoja: mwanafunzi ambaye hakukumbatia kwa hiari yake hana kosa. Kwa hiyo nimemwandikia binti maelezo mapya yanayosema kwamba mvulana alimvuta kwa nguvu. Bado hajatia saini. Blauzi yake ya shule ina tope la glovu za kipa, nimemwambia mama yake asiifue, iwe kielelezo. Kikao cha bodi ni Jumatano.

Wakili wa Kijiweni
Mheshimiwa, barua hiyo isitoke nyumbani kwako. Maelezo yanayosema kwamba msichana alivutwa na kushikwa kwa nguvu hayatasomwa kama suala la nidhamu. Yatasomwa kama madai ya shambulio la aibu, na mkuu wa shule akiyapokea atalazimika kuwaita watu wa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Huyo kijana ana miaka mingapi? Ikiwa amefikisha 18, si mtoto tena mbele ya mahakama. Wewe unatafuta siku 14 za binti yako, na mwenzako anaweza kupoteza zaidi ya Novemba yake.

BabaWatatu
Mnazungumza kwa urahisi kwa sababu si mtoto wenu. Nimemsomesha kwa mkopo wa SACCOS, anatakiwa kupata daraja la kwanza, na walimu wenyewe wanasema uwezo anao. Mvulana ameshapata adhabu yake na imekwisha. Hawatamwadhibu mara mbili. Barua haitafika polisi, itaishia bodini, na bodi ninaifahamu. Kila mzazi hapa angefanya hivyo.

Mama Nuru
Mimi nisingefanya. Nimesema kanuni ni nzuri na bado nasema, lakini kumsingizia mtoto wa mwenzio ni jambo jingine kabisa. Mama yake huyo kijana naye ana mkopo mahali.

Mpekuzi Mkuu
Ndugu zangu, mnatoa machozi kwa hadithi ya kutungwa. Nimeusoma uzi huu kuanzia juu. Kwanza mpwa, kisha binti, kisha mjumbe wa bodi, kisha mtunzi wa kanuni iliyomnasa mtoto wake mwenyewe. Kesho atatuambia kwamba kipa ni mtoto wake wa nje. Lakini kinachonishinda kabisa ni hiki. Mnasema mechi iliisha kwa penalti na huyu ndiye kipa aliyedaka ya mwisho. Kipa aliyedaka ana mpira mikononi. Alimvuta msichana kwa nguvu kwa mikono ipi?

Kipa Mstaafu
Hilo ni kweli. Mpira wa penalti ya ushindi huuachii. Mimi ule wangu nililala nao bwenini.

Mjukuu wa Kasiga
Labda aliutema, akaupangua. Mleta uzi hakusema kwamba aliudaka.

Mpekuzi Mkuu
Basi aseme. Na hiyo blauzi yenye tope la glovu, aieleze alama ilivyo. Mtu anayevutwa kwa nguvu huwa na alama za vidole mgongoni au mkononi. Mtunzi hatakuwa na jibu, maana blauzi hakuna.

Mwalimu Mstaafu
Imepita siku nzima na BabaWatatu hajarudi. Nadhani Mpekuzi amepatia, ingawa nitasikitika kwa ajili ya rula yangu niliyoieleza bure.

BabaWatatu
Nipo. Sikuwa na la kuandika.

Jana usiku nilipousoma ujumbe wa Mpekuzi nilikasirika, nikaenda kuichukua blauzi ile niipige picha niwafunge midomo. Ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki juu ya kabati. Niliitandaza mezani chini ya taa. Mgongoni ni nyeupe tupu. Mikononi hakuna kitu. Mbele, kuanzia kifungo cha pili hadi karibu na mkanda wa sketi, kuna duara moja la tope lililokauka, na ukitazama kwa karibu unaona hata mishono ya mpira. Nilikuwa nimeiona alama hiyo tangu Jumamosi, na kila nilipoiona nilisema ni glovu. Picha sitaiweka hapa, ni nguo ya mtoto. Mpekuzi na aendelee kuamini anavyoamini.

Nilimwamsha binti nikamwomba aandike maelezo yake mwenyewe, nisimtazame. Alichana karatasi kwenye kaunta buku, akaandika mistari mitatu: "Nilimkumbatia mimi. Yeye alikuwa ameshika mpira na alikuwa anasema niache, mwalimu anaona. Niliisahau kanuni kwa sababu tulikuwa tumeshinda." Kisha akaniuliza kama barua ile nyingine bado inahitaji saini. Nikamwambia akalale.

Swali langu limebadilika. Siwezi kukaa katika kikao kinachojadili adhabu ya binti yangu, hilo ninalielewa. Lakini ninataka yale maneno matatu yafutwe kwenye kanuni. Nifanye vipi bila kuonekana kwamba ninamtetea mtoto wangu?

Wakili wa Kijiweni
Utaonekana unamtetea, usijidanganye. Mwandikie mwenyekiti leo, ueleze kwamba mwanafunzi ni binti yako na kwamba unajitoa katika shauri hilo. Ambatisha maelezo ya binti kama yalivyo, pamoja na ombi la mzazi kwamba aruhusiwe kuingia kufanya mtihani wa utamilifu tu, akirudi nyumbani kila siku baada ya karatasi; shule nyingi hukubali, kwa kuwa matokeo yale ni ya shule pia. Suala la kanuni liweke kwenye ajenda ya kikao kingine, adhabu ikiwa imekwisha kutumikiwa. Na ile fedha ya ada ya shule ya binafsi, kama hujailipa, usilipe.

Dada Tunu
Na kijana wa watu? Alichapwa vinne kwa kushika mpira.

BabaWatatu
Nimezungumza na baba yake leo asubuhi. Ni fundi baiskeli karibu na stendi. Hakujua kabisa kwamba mtoto amechapwa. Kijana hakusema nyumbani, aliogopa asikatazwe kwenda kucheza wilayani. Tumekubaliana tutakwenda pamoja kuliona daftari la adhabu. Barua ya kujitoa nimeipeleka. Ombi la mtihani limekubaliwa. Kwenye mechi ya Jumamosi binti hataruhusiwa kwenda.