Tupeane uzoefu: maisha ndani ya meli ya hospitali ikiwa safarini

Muuguzi wa Wodi (mwanzisha mada)
Ndugu zangu, salaam. Kila nikitaja meli ya hospitali naulizwa: mgonjwa anapasuliwaje huku meli inayumba? Hapasuliwi. Meli za Mercy Ships, shirika la hisani la Kikristo la watu wanaojitolea lililoanza mwaka 1978, hutibu zikiwa zimefungwa gatini. Zikishang'oa nanga, wodi hazina mgonjwa hata mmoja. Maisha ya safarini ni mengine kabisa, na ndiyo ninayotaka tusimuliane.

Naanza mimi. Kabla ya kuondoka tunaifunga hospitali. Vitanda vinasogezwa pamoja na kukazwa kwa mikanda, stendi za dripu zinalazwa, droo zinatiwa komeo, darubini ya upasuaji wa macho inafungwa mpaka isitikisike. Kila chupa inatafutiwa pa kubanwa. Msimamizi wetu alipita akitikisa kitu kimoja kimoja kwa mkono wake, na akiona kinacheza, tunakifunga upya. Nilimwelewa. Mashine ikivunjika katikati ya bahari, mwenye mtoto wa jicho anayetungoja bandari ijayo ndiye atakayekosa zamu yake.

Fundi Injini
Umenena, dada. Mimi nilikuwa Africa Mercy, mojawapo ya meli za shirika hilo. Wengi hawajui kwamba iliundwa Denmark mwaka 1980 kuvusha treni, ikaanza kazi ya hospitali mwaka 2007. Wodi zenu zipo palipokuwa na reli! Chini kwetu joto ni kali na kelele hazina mfano, masikio tunayaziba, tunaongea kwa mikono. Majokofu ya dawa hayalali hata hospitali ikiwa imefungwa, kwa hiyo umeme ukiyumba kidogo tu, simu ya mfamasia inalia kwetu. Jambo moja nawaomba mtakaokuja: maji. Jilowanishe, funga bomba, jisabuni, suuza, toka. Kila tone limegharimu mafuta.

Wa Usingizi
Mimi kazi yangu ni kulaza watu usingizi, lakini safarini nilipangwa kikosi cha zimamoto. Ving'ora vikilia mara 7 kwa ufupi na 1 kwa urefu, unachukua jaketi lako la kujiokolea unakwenda kituoni kwako kuhesabiwa. Kwenye chumba cha upasuaji madaktari husikilizwa. Kwenye mpira wa kuzimia moto nilipokea amri kwa kijana wa sitahani, na alijua kazi yake sawasawa. Zoezi gumu lilikuwa kumshusha "majeruhi" kwa machela kwenye ngazi nyembamba, meli ikilala upande. Tulirudia mpaka tukaweza. Tangu siku hiyo namtazama baharia kwa heshima nyingine, maana wodi ikijaa wagonjwa wasioweza kutembea, hao ndio watakaowatoa moto ukizuka.

Mama Watoto
Kwetu familia, shule haikusimama. Masomo asubuhi, jioni watoto sitahani kutafuta pomboo. Saa zinasogezwa kila tukivuka kanda za saa, na wadogo ndio wanaochelewa kuzoea usingizi.

Natamani Kujiunga
Wakuu, mimi ni muuguzi na bahari naiogopa. Je, lazima nisafiri na meli ikiwa baharini? Na ni kweli kwamba mtu anajilipia?

Muuguzi wa Wodi
Karibu sana, mdogo wangu. Si lazima. Wauguzi wengi hufika kwa ndege meli ikiwa imekwisha kutia nanga. Na ndiyo, mtu hujilipia nauli na gharama zake binafsi, kwa hiyo wengi huchangiwa na ndugu, marafiki na waumini wenzao.

Ukiamua kusafiri, dawa ya kichefuchefu meza kabla meli haijatoka, usingoje utapike. Kaa katikati ya meli na chini, mtikisiko ni mdogo huko, na ukizidiwa panda sitahani utazame upeo wa macho. Kula kidogo kidogo vitu vikavu. Usiku sukumiza jaketi la kujiokolea chini ya ukingo wa godoro, utabanwa na ukuta usibingirike. Mezani tunalowesha kitambaa ili sahani zisiteleze.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano na leseni yako ya uuguzi vishughulikie mapema. Kuna watu waliokosa nafasi kwa sababu karatasi zilichelewa, ilhali mikono yao ilihitajika.