Naomba ushauri: nianze na filamu ya KonoSuba au mfululizo wa Megumin?

Habari zenu wakuu. Nimemaliza misimu miwili ya KonoSuba, ile anime (katuni) ya Kijapani ya vichekesho, wa 2016 na wa 2017, na nimeipenda mno. Sasa nipo njia panda. Ipo filamu ya 2019, Legend of Crimson, ambamo Kazuma, mhusika mkuu, na wenzake wanakwenda kijijini kwa kina Megumin, mchawi wa kundi lake, na rafiki yake Yunyun. Halafu upo mfululizo wa 2023 unaosimulia maisha ya Megumin kabla hajakutana na Kazuma. Kwa mtiririko wa matukio huo wa 2023 unatangulia, ila filamu ndiyo iliyotoka mwanzo. Mnanishauri nianze na ipi?

Nauliza kwa sababu Megumin ndiye ninayempenda kuliko wote. Mchawi mzima amejifunza uchawi mmoja tu, wa mlipuko, na akishaupiga mara moja kwa siku anaanguka hoi mpaka abebwe mgongoni! Natamani kujua chimbuko lake vizuri, lakini pia sitaki utamu wa filamu upungue. Msimu wa tatu wa 2024 nimeuweka kando kwanza.

Jambo lingine, nataka kuitazama na mdogo wangu wa kidato cha kwanza. Ile misimu ina utani wa aibu, hasa akiingia Darkness, yule dada mpiganaji wa upanga wa kundi la Kazuma. Je, kwenye filamu umepungua au ndiyo umezidi? Aliyeiona aniambie ukweli tafadhali, bila kunisimulia mwisho. Nataka tuitazame wikiendi hii.