Naamka saa kumi alfajiri kila siku lakini masomo yanazidi kuporomoka, naombeni ushauri

Kijana_Mpya: Wakuu habari zenu. Niko chuo mwaka wa pili, muhula huu nimeamua kujijenga. Kengele naitega saa kumi, simu naichomeka ndani ya kiatu mlangoni ili lazima ninyanyuke, naoga maji ya baridi, mazoezi, naandika malengo, nasoma kurasa 20 za kitabu cha kujiendeleza. Daftari langu lina vijumba natiki kwa peni ya kijani, siku 43 sijaruka hata kimoja. Ila darasani kichwa kizito, nachosoma hakikai. Niongeze tabia gani?

DadaMkubwa: Hongera mdogo wangu. Mbona kwenye vijumba sijaona cha kusoma masomo yenyewe?

MzeeWaKona: Mnajitesa bure. Mi nilikuwa nasomea kwenye ngazi za bweni, taa ya pale ndo ilikuwa haizimwi, mwenzangu analala saa tatu na kila mtihani ananipita, mpaka leo inaniuma.

Fundi_Namba: Acha kurudiarudia kusoma. Watafiti wa saikolojia Roediger na Karpicke mwaka 2006 walionyesha kwamba baada ya wiki, waliojipima kwa kukumbuka walibaki na mengi kuliko waliorudia kusoma tu. Funga daftari, chukua karatasi tupu, andika ulichobaki nacho.

DadaMkubwa: Dogo hujanijibu. Majaribio ulipata ngapi?

Kijana_Mpya: Mawili yako chini ya nusu. Na fomu ya kuahirisha mwaka nimeshaijaza, bado kuipeleka tu. Msinielewe vibaya, siachi chuo, nataka msingi ukae sawa kwanza. Kama tabia inajengeka kwa siku 21, mwaka mzima si nitakuwa mtu mwingine?

Fundi_Namba: Hiyo 21 isikudanganye. Lally na wenzake wa University College London, utafiti wa 2009, wastani ulikuwa siku 66, kuna wa 18 na kuna aliyekadiriwa 254. Na kuruka siku moja hakukuharibu kitu.

Sumu_ya_Panya: Wakuu hii chai. Mtu wa saa kumi kafungua uzi saa saba na dakika 40 usiku, na juzi saa nane alikuwa anabishana kwenye nyuzi za mpira. Analala lini?

Asali_Mbichi: 😂😂 Subirini, kesho anatuuzia kitabu.

Kijana_Mpya: Siuzi kitu na siyo chai. Usiku silali, nikifumba macho nayaona matokeo. Nikishika daftari la somo moyo unaenda mbio, ila vile vijumba naviweza, nikitiki naona bado sijashindwa. Nyumbani hawajui.

Sumu_ya_Panya: Basi samahani mdogo wangu. Hapo kinachokumaliza ni usingizi.

DadaMkubwa: Fomu iko wapi sahivi?

Kijana_Mpya: Ndani ya daftari la vijumba.

DadaMkubwa: Ikae humo humo mpaka umeonana na mwalimu wa lile somo lililo chini zaidi, umwambie kama ulivyotuambia sisi. Kesho usitege kengele. Ukiamka, somo moja, karatasi tupu, dakika 25 basi.

MzeeWaKona: Na nyumbani piga simu mwanangu. Mi sikupiga.

Kijana_Mpya: Asanteni. Simu nimeitoa kwenye kiatu, kengele nimezima. Ila kijumba cha kesho kitabaki wazi, kinaniuma kweli.